Bonifasi na Samaki wa Bwawa la Dhiki

Sijui kwa nini kazi hii ya kusoma historia ya marehemu nimetupiwa mimi Teodosia, bibi yake, niliyeishia darasa la pili, wakati ukoo una walimu wawili wamekaa pale mbele na miwani yao, lakini wote wamekataa kwa sababu historia hii haisomeki bila kumtaja Obadia, basi nimeiandika mwenyewe na nitaisoma mwenyewe, mwenye haraka atangulie makaburini.

Marehemu Bonifasi alizaliwa Nachingwea tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa kwanza wa binti yangu, akafuatiwa na huyo Obadia, alisoma shule ya msingi hapohapo Nachingwea kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, akamaliza sekondari 2007, halafu akaenda chuo cha uvuvi, jambo lililotuchekesha, maana huku kwetu mtu anajua korosho, si samaki. Mwaka 2012 alianza kazi ya ufundi wa mabwawa, na tarehe 5 Septemba 2015 alifunga ndoa na Brigita, wakajaliwa watoto wawili, Geofrey na Albina.

Mwaka 2018 alihamia Likunja, Ruangwa, ambako yeye na mtafiti wa chuo kikuu, Dokta Amna, aliyekaa pale nyuma, walichimba mabwawa mawili ya perege. Alinieleza mpaka nikaelewa, kwamba ndani ya mwili wa samaki, na wa mtu pia, mna nyuzi zisizoonekana kwa macho zinazobeba urithi wa wazazi, na kila uzi una ncha ya kuuzuia usifumuke, wataalamu wanaiita telomea, naye alitaka kujua kama maisha magumu yanaifupisha. Bwawa moja likawa na kina, kivuli na chakula cha kutosha, la pili, aliloliita bwawa la dhiki, likawa na maji machache ya moto, samaki wamebanana, pumba kopo moja kwa siku, hata wakawa wanazaa wangali wadogo kama kidole. Mimi niliyezaa nina miaka kumi na sita nilimwambia anipime na mimi, akasema, bibi, ncha zako zote zimehamia kwenye ulimi.

Oktoba 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, akamwachia Obadia mabwawa na maagizo ya maandishi, kopo moja, basi. Obadia hakushika. Wapita njia wa kwenda Mbekenyera walikuwa wakimcheka kwamba samaki wa kwao wamekonda kama vijiti, akaona aibu, akawa anawamwagia mabibo yaliyobaki baada ya kung'oa korosho, siku baada ya siku mpaka Desemba, wala hakumwambia mtu. Majibu ya vipimo vya samaki yalipotoka Juni 2025 hayakueleweka, samaki wa dhiki wengine ncha fupi, wengine ndefu, na Bonifasi akadhani yeye ndiye aliyekosea, akayarudia madaftari yake ya miaka sita kitandani, ukurasa kwa ukurasa, Brigita akimsomea pale macho yalipochoka, hadi alipofariki tarehe 9 Novemba 2025, hajui kosa liko wapi. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe, maana kifo nilikwisha kukiona kinakuja.

Jana Dokta Amna alipofika msibani aliuliza kama bwawa lile liliwahi kupewa chochote, na Obadia akajibu, mabibo tu, dada. Mabibo tu, kumbe samaki waliowahi kuyala walishiba na waliozidiwa wakabaki na dhiki yao, ndiyo maana ncha zikachanganyika. Nilimuuliza mbona miezi mitano ulimtazama kaka yako anajilaumu ukanyamaza, akasema alikuwa anangoja apate nafuu kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokuwa wakimsafisha damu, majirani wa Likunja kwa maji na kuni, wafanyakazi wenzake walioacha shughuli zao wakaja, na Brigita, ambaye hajalala sawasawa tangu mwaka jana.

Bonifasi, mjukuu wangu, lala kwa amani, hesabu zako zilikuwa sawa, na kwenye daftari lako la mwisho Obadia ameandika leo asubuhi kwa mkono wake kwamba kosa ni lake. Bonde lake Obadia, alilokwisha kulilima kwa ajili ya mpunga, linakuwa bwawa jipya la dhiki badala ya lile aliloliharibu, naye atakaa pale miaka mitatu, kopo moja kwa siku, awatazame samaki wanavyokonda, watu wa Mbekenyera wapite wacheke, na asitupe humo hata bibo moja.