Kitambaa Kilichopigwa Pasi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na haya ninayoyasoma Mama ameniagiza nisipunguze hata neno.

Dada alizaliwa tarehe 4 Machi 1979, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, kifungua mimba wa mama ambaye hadi juzi aliishi kwa kufua na kupiga pasi, akasoma shule za mtaani, akaingia chuo kikuu mwaka 1999 kusomea kemia, na kuanzia 2004 akafanya kazi maabara ya hospitali, akivuta kwa umeme nyuzi za plastiki nyembamba kuliko unywele, hadi wenzake wakambandika jina la Buibui. Ndani ya nyuzi hizo, zilizoshikana kuwa kitambaa cha kufungia vidonda, alifungia gesi ambayo mwili wenyewe huitengeneza kufungua mishipa ya damu, nayo hutoka polepole na kuponya kidonda sugu, mradi kitambaa kisiguswe na joto wala maji kabla ya wakati wake.

Tarehe 12 Agosti 2006 aliolewa na fundi friji, aliyeitwa maabara kutengeneza friji moja akawa anarudi hata isipoharibika, wakajaliwa binti mmoja.

Kisukari kilimwanza 2015, na Mei mwaka huu kidonda cha mguuni kikagoma kupona, daktari akakubali kumjaribishia kitambaa chake mwenyewe, kilichobaki kimoja tu, naye Dada akakiweka kwenye friji ya nyumbani akisubiri kufungwa asubuhi. Mama, aliyekuja kumuuguza, hajawahi kutufunga kidonda kwa kitambaa kisichopita majini na kwenye pasi, basi alikitoa frijini, akakifua, akakipiga pasi ya moto mdogo, akakikunja vizuri.

Dada alipokiona alijua gesi yote imekwisha.

"Asante, Mama, kimependeza," alisema, akafungwa nacho hivyo hivyo.

Mguu ulikatwa tarehe 9 Juni, sumu ilikwishaingia kwenye damu, akafariki tarehe 17, na kesho yake wenzake wakaleta kitambaa kipya alichokuwa amewaomba wamtengenezee, kikiwa kimechelewa, Mama akauliza cha kwanza kilikuwa na kasoro gani, wakamweleza kwamba kilifuliwa na kupigwa pasi, gesi yote ikatoka, bila kujua wanamweleza nani.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wenzake wa maabara. Mtakaopita kumuaga mtaona gauni lake lina mikunjo, tuwieni radhi, Mama hawezi tena kushika pasi, na sisi wengine hatukuthubutu kuishika mbele yake.

Pumzika, Dada, amani tuachie sisi tuitafute.