Mtego na Karoti za Mjukuu

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, hapa Ifakara, kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja tumeuwekea tofali. Pumba zinaturukia, mashine inatupigia kelele, na bado ikifika saa kumi jioni utatukuta tumejaa, maana Nassib akishalitua birika lake la kahawa hakuna anayekumbuka kwake. Mimi hukaa pembeni, ndiyo sababu nawasikia wote. Katikati hukaa Sebastiani, msimamizi mstaafu wa mashamba ya miwa. Jina la Profesa tulimpa kwa utani, akalipokea haraka mno. Ubavuni mwake ni Masanja, mkulima wa mpunga, tunayemwita Tani Moja kwa sababu ya mwili. Ijumaa moja akatokea Fridolin, mvuvi wetu, jina la kijiweni Mtego. Alikuwa na mfuko wa karoti mapajani na anatafuna moja kama mtu anayetumikia adhabu.

— Bado tu unazo hizo karoti? Profesa akamuuliza.

— Nitaziachaje? Kesho mtoto anafika, ndugu yangu.

Sote tulijua habari hiyo. Treni ya kutoka Mlimba ilikuwa inamleta binti yake Brigitha na mtoto wa miezi saba, mjukuu wa kwanza wa Mtego, na wakwe nao wamo. Katika ukoo wa kina Mtego, babu humpakata mjukuu mbele ya pande zote mbili, kisha anatamka amefanana na nani. Akishatamka, limepita. Tabu ni kwamba siku hizi Mtego kitu cha karibu hakioni. Hata uzi wa kushonea nyavu anatungiwa na mkewe, Theresia.

— Wakwe wameshaanza kusema kwenye simu eti pua ni ya kwao, Mtego akalalamika. Nikimpakata nione ukungu mtupu, si nitakubali tu?

— Usikubali! Masanja akaruka. Pua za kwao tuliziona harusini.

— Kwani picha hawajatuma? Nassib akauliza.

— Wametuma. Nimeona kitu kimevaa kofia.

Tulicheka, lakini mimi roho iliniuma. Mtu anamsubiri mjukuu tangu mwaka juzi, halafu aje aone kofia!

Profesa akakohoa, kikohozi chake cha kuanzia hotuba.

— Karoti ina vitamini A. Hicho ndicho chakula cha macho. Kisha ina nyuzinyuzi, choo kinakuwa laini. Ngozi inapendeza, kinga ya mwili inapanda. Kula, Mtego.

— Nimekula mpaka nimekuwa hivi.

Akafungua viganja. Vilikuwa vya manjano, utadhani alikuwa anatwanga binzari.

— Mama yangu! Masanja akasogea. Ini hilo!

— Siyo ini. Nimekwenda zahanati. Nesi kaniangalia macho, kakuta weupe wake uko safi, akacheka. Kasema ni rangi ya karoti tu, nimezidisha, nikipunguza itaondoka.

— Na kuona je?

— Kasema karoti ni chakula kizuri, hasa kwa watoto wanaokua, tena zipikwe na mafuta kidogo ndipo mwili unazipata vizuri. Ila kutoona karibu ni umri, karoti haina ujanja hapo, nikapimwe miwani. Mpimaji anakuja wiki ijayo. Mtoto anakuja kesho!

Hapo ndipo kijiwe kilipowaka.

— Nesi kasahau jambo moja, Masanja akasema. Vitamini imeteremka. Ulikuwa unakula umekaa?

— Nimekaa, ndiyo.

— Si unaona! Macho yako juu, mikono iko chini. Mzigo umeshukia kituo cha chini. Ungekula umelala, miguu ukutani.

— Acha ushamba, Tani Moja, Profesa akamkata. Kosa lake ni kuanzia upande wa majani. Karoti inakua gizani. Ile ncha ndiyo inayotafuta njia kwenye udongo. Kwa hiyo macho ya karoti yako kwenye ncha.

— Mimi naona ni uchovu wa safari, Nassib naye akaingia. Zinalimwa milimani kwenye baridi, zinateremshwa huku kwenye joto letu. Zikifika hapa zenyewe hazioni vizuri.

— Wewe mimina kahawa, Profesa akamwambia, haya ni mambo ya kitaalamu.

Msicheke. Mtego alilala kwenye benchi, akaegemeza miguu kwenye ukuta wa mashine, akaanza karoti kwa ncha. Mtu akishataka kitu kwa moyo wote, hata Masanja anageuka daktari.

Tukiwa hapo akafika mwanamke mmoja na ndoo ya mpunga kichwani, mgeni kwetu. Baadaye tulijua anaitwa Yosefina, anatoka Idete.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Huyu baba anaumwa?

Tukamweleza yote, kila mtu kwa sauti yake. Akatua ndoo.

— Baba, hebu kaa. Yule anayevuka barabara kule mwisho unamwona?

— Yule? Mtego akasema bila hata kukodoa. Ni Evarist. Kafunga shati vibaya, karuka kifungo kimoja.

Sisi tuliona shati tu. Evarist alipotufikia, kweli, kifungo kimoja kilikuwa kimerukwa.

— Mbali unaona kutushinda, Yosefina akasema. Basi mpakate mjukuu, kisha mpe bibi yake, urudi nyuma umtazame.

— Haiwezekani. Kwetu babu ndiye anayempakata.

— Sawa, umpakate. Ila desturi inasema utamke ukiwa bado umempakata?

Mtego akamtazama Profesa. Profesa akainua kikombe, kikombe kitupu. Nassib akainamisha birika, likatoa tone moja.

Mtego akasimama taratibu, akampa Masanja ule mfuko wa karoti.

— Upakate.

Masanja akaupakata, tena akaubembeleza. Mtego akaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye lundo la pumba.

— Bado... bado... Hapo!

Uso wote ukamfunguka. Mimi nilifurahi kama mjukuu ni wangu.

— Nakuona, Tani Moja! Una kahawa kwenye ndevu!

Profesa akanyoosha mkono kuchukua karoti moja, maana kahawa imekwisha na mdomo haujazoea kukaa bure. Mtego akauwahi mfuko.

— Hapana. Hizi Theresia atazichemsha, aziponde, atie mafuta kidogo. Za mwenyewe anayekuja kesho.

Akavuka barabara kwenda nyumbani, mfuko kaukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.