Kilo ya Kahawa ya Ami Zaim

Benchi letu liko chini ya dirisha la Shangazi Stana, kwenye jengo la wachimba makaa hapa mjini Tuzla, na kahawa hutokea dirishani humo humo: kwanza sinia, kisha vikombe, mwisho dele lenyewe likifuka mvuke. Siku hiyo tulikuwa watano. Makaa, aliyestaafu mgodini akabaki na jina. Antena, anayefunga madishi ya televisheni na kujua habari kabla hazijatokea. Stana mwenyewe, viwiko juu ya kizingiti cha dirisha. Ami Zaim, mapajani ana laptopu yake kuukuu iliyofungwa, na juu yake kilo ya kahawa na boksi la sukari ya vipande. Na mimi, Belkisa wa ghorofa ya tatu, niliyekuwa natazama saa kupita adabu. Saa kumi na moja jioni mjukuu wake Zaim, Esma, angepiga akodiani jukwaani kwa mara ya kwanza, huko Göteborg, ughaibuni, na shule yao ingelirusha onyesho mtandaoni. Ijumaa nilikuwa nimemwekea Linux, mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, kwenye ile mashine, maana mfumo wa zamani ulishaikataa na fundi wa dukani alimwambia aitupe. Tangu Ijumaa hakuwa ameifungua.

— Ami, nifungulie kidogo tu nijaribu sauti, — nilimsihi. — Spika ya kushoto ilikuwa inakwaruza. Nilibadilisha mpangilio, lakini sikuhakikisha.

— Siifungui, mwanangu. Nimekuletea kahawa, umeikataa.

— Kwa sababu sikuutengeneza mimi! Mimi nimeuweka tu.

— Basi nipe anwani ya aliyeutengeneza nimpelekee, ndipo nifungue. Fundi bomba akinikazia koki tu, namfuata na kahawa mpaka kwake. Leo nitumie kazi nzima ya watu kimya kimya, kama mwizi?

— Ni maelfu, ami. Wako kila nchi.

Makaa alicheka mpaka akakohoa.

— Kilo moja kwa maelfu! Kila mtu atapata punje, ailambe aipitishe kwa jirani.

— Usihangaike, Zaim, — alisema Antena. — Hao hawataki kahawa. Wanakuchungulia. Pale juu ya kioo pana kijicho, umekiona? Wanataka kujua unavyokausha nyama yako.

— Nani?

— Wao.

— Watachoka wao, — alidakia Stana. — Siku nzima wamtazame mzee anakula maharage amevaa kofia? Mimi nitakwambia ni kina nani. Ni watu wa kaskazini. Jua likizama kule Novemba, linarudi likijisikia. Sasa gizani utafanya nini? Wengine wanafuma soksi, wengine wanafuma haya madude, wanagawa.

— Hakuna mtu kabisa, — alisema Makaa, na akashusha sauti kama yuko msibani. — Mgodini tulikuwa na pampu. Kila aliyeijua alishafariki, na pampu ikawa inavuta maji tu. Hii nayo ni hivyo hivyo. Walioianza walishakufa. Inajiandika yenyewe.

— Kwa hiyo Zaim kapakata marehemu? — aliuliza Antena.

Nilimwona Zaim akiinyanyua laptopu kidogo kutoka mapajani.

— Hamna marehemu! — nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. — Naitumia nyumbani tangu mwaka wa pili wa chuo. Tasnifu yangu yote imo humo. Mara moja niliona kosa kwenye programu ya kuchapisha, nikaandika kueleza. Mtu nisiyemjua akalirekebisha, halafu akanishukuru. Yeye, akanishukuru mimi!

— Na hukumpelekea kahawa? — aliuliza Zaim.

— Sikujua anakaa wapi.

— Aibu, Belkisa.

Saa kumi na nusu ilikuwa imepita. Stana aliinamisha dele, likatoa tone moja.

— Kahawa imekwisha, jamani. Kopo nalo limebaki harufu.

Macho yote yakahamia mapajani kwa Zaim. Akaikumbatia ile kilo.

— Hii ina mwenyewe!

Hapo ndipo alipotokea mwanamke kijana, zulia begani, jasho usoni: mpangaji mpya wa ghorofa ya nne. Alitusalimu, akatua zulia ukutani, akaliangalia sinia.

— Samahanini. Mko watano. Kikombe cha sita ni cha nani?

Antena, mjuzi wa yote, akaanza kukagua kiatu chake. Stana huweka kikombe kimoja cha ziada kila siku, kama mama yangu, kama kila nyumba tunayoijua, na hatukuwahi kumuuliza.

— Cha nani kweli, Stana? — aliuliza Zaim taratibu.

— Cha atakayepita.

— Unamjua?

— Nitamjuaje na hajapita?

— Akinywa akaenda zake, asiseme hata asante?

— Zaim, una homa? Nitaosha kikombe.

Zaim akaichana kilo yake kwa meno na kumpitishia Stana dirishani.

— Chemsha.

— Kiasi gani?

— Yetu sote. Na ya mmoja zaidi.

Akamsogelea Antena kumbana, ili yule mpangaji apate pa kukaa, na akampa kikombe cha sita kwa mikono miwili. Stana alishusha cha saba, akakiweka mwisho wa benchi.

Zaim alifungua laptopu. Mtandao wa Stana unafika mpaka benchini, nilishaupima. Nilikosea kubofya mara mbili, lakini ukumbi ukatokea, na katikati yake Esma, nyuma ya akodiani inayomzidi kifua. Alivuta. Spika zote mbili ziliimba safi. Makaa alivua kofia.

— Asanteni, — alisema Zaim, bila kumtazama yeyote kati yetu.

Kisha akaigeuza laptopu kidogo, ili upande wa kikombe cha saba nao uone.