Sylvance Ooko Okumu, Aliyenawa Kabla ya Kukumbatia (1971–2025)

Marehemu Sylvance Ooko Okumu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 mtaani Ziwani, kifungua mimba wa mzee Okumu, fundi wa reli, na mama Aluoch. Alisoma papo hapo mtaani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990.

Mwaka 1994 aliajiriwa katika karakana ya kuyeyusha betri kuukuu za magari, akavuta vumbi la risasi, madini yenye sumu ya betri hizo, hadi afya ilipomtupa. Wenye karakana walijua madhara yake, wasiwape watu wao hata barakoa. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa dhambi, na itajwe hapa mbele ya jeneza lake.

Mwaka 1998 alimwoa Adoyo, wakajaliwa binti, Awuor. Kila jioni mtoto alimkimbilia mlangoni, naye akirudi nyuma mikono juu, kama aliyeshikwa na polisi, akimwita kwa Kijaluo nyara, yaani binti yangu. "Simama hapo, nyara! Baba yako bado ni wa karakana." Alioga uani kuondoa vumbi lile, akabadilisha nguo, ndipo akamnyanyua. "Haya, bwana harusi ameoga!" Adoyo alimtania.

Figo zilishindwa mwaka 2019. Alitaka kuishi siku zake nyumbani, si wodini. Muuguzi Kavinya alimfundisha Adoyo kumsafisha damu kwao Njiru, kwa maji ya dawa yanayopitishwa tumboni kwa mpira: dirisha lifungwe, mikono isuguliwe kwa sabuni, barakoa zivaliwe, mgeni asiingie. Barakoa aliyonyimwa kazini akaipata kitandani. Akina mama wa kanisa walioleta uji waliachwa sebuleni, wakanuna.

"Adoyo siku hizi anatufungia mlango?"

"Ngojeni, mama zangu," mgonjwa akaitikia toka chumbani, "mfalme anaoga!"

Jioni ya tarehe 2 Juni 2025 moyo ulikuwa umechoka, na Kavinya alikwisha kuufunga mpira, maana kusafisha damu hakukumfaa tena. Awuor alifika kutoka Eldoret, akakimbilia karoni, akasugua mikono huku akilia. Sauti ikatoka kitandani:

"Acha kunawa, nyara. Mimi si wa karakana tena."

Akamkumbatia vivyo hivyo, na vumbi lake la safari. Alifariki alfajiri, nyumbani, kama alivyotaka.

Ameacha mjane wake Adoyo, binti yake Awuor, mkwewe Wachira, na mjukuu Tiffany aliyekuwa akiishi naye. Mtoto huyo bado hunawa mikono kila jioni, kisha huenda kusimama mlangoni mwa chumba kile, akingoja kuitwa na babu.

Apumzike kwa amani, penye hewa safi.