Bi Joana Eusébio, Aliyelisikiliza Jua la Quionga

Ndugu, jamaa na majirani mliotoka Mbau, Palma na Quionga, na nyinyi wa hapa Mocímboa da Praia mliokaa nasi tangu Jumamosi: tunayemzika leo, Jumatatu tarehe 13 Juni 2016, ni Joana Eusébio Likomba. Familia imemwagiza mpwa wake, Lázaro, asome maisha yake kwa namna ambayo mwenyewe angeikubali, yaani kwa tarehe zilizo sahihi na bila kumpamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 24 Juni 1950 katika kijiji kimoja nyuma ya Mbau, mtoto wa pili wa Eusébio Likomba, mchonga vinyago na mwalimu wa katekisimu, na Madalena, mkewe. Siku ile ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, na Joana ni Yohane wa kike kwa Kireno, kwa hiyo jina halikuwasumbua wazazi. Kilichowasumbua ni mikono yake. Alipokuwa na miaka sita aliifungua kandili ya baba yake ili aone mwanga unalala wapi, akairudishia yote isipokuwa skrubu moja, na kandili ikawaka vizuri kuliko zamani. Baba alimchapa kwa kuifungua, kisha akampa muhogo wa kuchoma kwa kuifunga.

Mwaka 1957 aliingia shule ya misheni, na mwaka 1962 akamaliza darasa la nne, akiwa wa kwanza. Aliwashinda wavulana katika hesabu, wala hakuwaficha jambo hilo. Ilikuwa apelekwe kusomea ualimu, lakini mwezi Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza, na masomo yakaishia hapo. Kaka yake, Cândido, akaenda kwa wapiganaji. Waliobaki wakaishi porini zaidi ya miaka miwili, wakila mizizi na kusali kwa sauti ya chini. Mama yake alifariki huko kwa homa mwaka 1966. Mwaka uliofuata askari wa Kireno wakamkuta Eusébio na mabinti zake wawili, Joana na mdogo wake Beatriz, wakawateremsha pwani na kuwaweka Quionga, katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge ambacho wakubwa walikiita aldeamento. Kutoka pale hukutoka bila guia, karatasi ya ruhusa. Watu wa bara na watu wa pwani walibanwa pamoja humo, wengine wa msalaba, wengine wa msikiti, na njaa haikuuliza mtu dini yake.

Mwezi Machi 1969 alifika Mreno mmoja mwembamba, Doutor Meneres, mtaalamu wa mambo ya anga. Nje kidogo ya seng'enge alisimamisha nguzo nne ndefu, akatandaza juu yake nyaya za shaba, na chini akajenga kibanda cha bati. Kazi ya kituo hicho ilikuwa kulisikiliza jua. Watu walicheka sana. Lakini ni kweli kwamba jua hutoa mlio ambao sikio la mtu halisikii; nyaya ziliudaka, mashine ikauongeza, na kalamu ya wino ikauchora kwenye karatasi ndefu iliyokuwa ikijizungusha polepole. Doutor alihitaji mtu wa kusoma saa, kubadili karatasi na kuandika kila kitu kwenye daftari. Eusébio alimsukuma binti yake mbele. "Huyu atakuharibia kitu kimoja," alisema, "halafu hatakuharibia tena."

Alikaa na kazi hiyo miaka minne, na hatukuwahi kumsikia akisimulia miaka mingine yoyote kwa sauti ile. Miguu mitupu kwenye mchanga, harufu ya mashine ikipata moto, wino kwenye kidole. Kila mara doutor alipoleta mradi mpya, leo kupima jua likichomoza, kesho kupima miripuko yake ya mchana, Joana ndiye aliyeuanzisha. Aliwasha mashine saa nzima kabla ili ichangamke, akaiunganisha kwanza na kifaa kidogo chenye mlio unaojulikana, akaona kalamu imekaa mahali pake, ndipo akaielekeza kwenye jua. Na kalamu ikifanya ukorofi, hakuigusa. Alitoka nje akatembea na waya toka mwanzo hadi mwisho, akiutazama na kuupapasa. Mara moja jua lilinyamaza siku mbili, doutor akaandika barua ndefu Lisboa kuuliza kulikoni. Barua haijaondoka, Joana akarudi na nyigu kwenye kopo: mdudu huyo alikuwa amejenga nyumba ya udongo ndani ya kiungio cha waya.

Sasa tufike mahali ambapo wengi wenu mnapajua nusu nusu.

Mwezi Agosti 1971 ulianza mradi wa tatu, wa kulisikiliza jua kila siku kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Siku za kwanza kalamu ilitulia. Kisha, siku fulani, ikifika saa sita na kitu, ikaanza kurukaruka kama panya kwenye gunia. Siku tatu, ikaacha. Baada ya wiki mbili, ikarudi. Joana alitembea na nyaya za shaba mpaka akazijua kwa majina, asione kitu. Doutor aliieleza taabu hiyo katika ripoti yake, nayo ikasomwa na watu ambao hakuwakusudia. Jumanne tarehe 28 Septemba akaja tenente mmoja, ofisa wa jeshi la Kireno, na askari wake. Yeye alikuwa na jibu tayari: ndani ya kijiji kuna mashine ya kurusha habari kwa wapiganaji. Alitaja wanaume tisa. Wa kwanza alikuwa Eusébio, kwa sababu ya mwanawe aliye porini. Wa mwisho alikuwa Issufo, kijana wa miaka kumi na minane, mdogo wake Bi Chamima, jirani yao. Akatoa wiki moja. Mashine isipopatikana, Jumanne ijayo wote tisa watapakiwa kwenye lori. Watu walikuwa wameshaona malori yakiondoka, na walijua yalirudi na nini: yalirudi matupu.

Jioni ile Bi Chamima alikuja na uso uliovimba kwa kulia.

"Hebu nisomee, mdogo wangu. Siku zipi hizo anazozitaka huyo tenente?"

Joana akafungua daftari. "Agosti, tarehe saba, nane, tisa. Halafu ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Septemba, sita, saba, nane..."

Bi Chamima akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Weye unahesabu kwa kalendari ya ukutani, haina mwezi hiyo. Siku hizo zote bamvua. Maji yanakupwa sana, ndipo wanatupa guia twende mwambani kuchokoa pweza."

Msichana wa bara huyo! Miaka minne alikaa pwani akaandika mvua, upepo na mawingu, na siku hata moja hakuandika maji kujaa na kupwa. Akauliza polepole, "Na pweza wenu, da Chamima, mnawaanika wapi?"

"Si palepale ulipotuonyesha mwenyewe, mbwa wasifike."

Ni kweli. Mwezi Julai, kina mama walipolalamika kwamba mbwa wa askari wanamaliza pweza wao, Joana aliwaambia waanike kwenye nyaya za chuma zilizoshikilia nguzo, za shaba tu wasiguse. Yeye aliona hizo za chuma ni kamba tu. Hakuna aliyewahi kumwambia vingine, na hakuuliza, yeye aliyeuliza kila kitu. Kumbe maji ya chumvi ya pweza yalichuruzika kwenye chuma, yakapita juu ya kikombe cha kaure kilichowekwa kuuzuia umeme usipite, na upepo ukitikisa, cheche ndogondogo zikapiga. Hizo ndizo kalamu ilizozisikia.

Hakulala, na hakumficha baba yake. Eusébio alimsikiliza, akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Watakuchukua wewe. Mimi umri nimeshaula."

"Na Issufo, baba? Yeye amekula nini?"

Asubuhi Joana akaenda kibandani akamweleza doutor yote, ila neno moja alilibadili: alisema kina mama walikataa, yeye akawalazimisha. Huo ndio uongo pekee tunaoujua katika maisha yake, na familia imeamua usomwe. Doutor alivua kofia, akafikiri, akauliza swali moja tu. "Unaweza kuufanya ukorofi huo urudi, mbele ya tenente?"

Jumanne tarehe 5 Oktoba malori mawili yalikuja. Wanaume tisa walikalishwa mchangani kwa mstari, mikono imefungwa. Maji yalikuwa ya bamvua. Kina mama wakaletwa kutoka mwambani na pweza wabichi, wakaamriwa waanike. Wakaanika. Tenente akasimama juu ya kalamu. Kalamu ikatulia tuli. Robo saa ikapita, tenente akatazama saa yake, akamwashiria dereva, na lori la kwanza likawashwa.

Joana alitoka nje, akafanya alichofanya siku zote: akatembea na waya. Akaona. Kwa woga kina mama walikuwa wamewatundika pweza chini kabisa, chini ya kile kikombe, chumvi ikidondoka mchangani bure. Akawapandisha mmoja mmoja, juu ya kikombe, mahali pao pa kila siku. Upepo ukavuma. Ndani, doutor akapiga ukelele. Kalamu ilikuwa inaruka. Pweza wakaondolewa, chuma kikafutwa, ikatulia. Wakarudishwa, ikaruka. Tenente hakuamini mpaka ajaribu mwenyewe. Akamshika pweza kwa vidole viwili, huku kamkunjia pua, akamtundika, na kalamu ikamrukia naye pia. Askari mmoja alicheka, akanyamaza upesi.

Wanaume tisa walifunguliwa. Joana alipigwa palmatória, kibao cha mkono, mara kumi na mbili kila kiganja, mbele ya kijiji chote, na kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia hakikunyooka tena. Mliopeana naye mkono mnakijua. Mchana ule daftari liliandikwa na doutor mwenyewe, kwa sababu msaidizi wake hakuweza kushika kalamu. Kina mama walinyimwa guia ya mwambani kwa bamvua sita, ikawa njaa kweli, na Bi Chamima hakumsemesha miezi mitatu. Alipokuja tena alileta pweza mkavu. "Kula. Huyu nimemwanika juu ya paa langu," alisema, wakaangua kilio wote wawili.

Kituo kilifungwa mwaka 1973. Baada ya uhuru, marehemu aliajiriwa kwenye ofisi ya simu hapa Mocímboa, akafanya kazi hiyo kwa miaka thelathini. Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na Sebastião Nchucha, seremala aliyekuwa mpiganaji. Mwaka 1977, katika mkutano, kiongozi mmoja alimuuliza kwa nini aliwatumikia wakoloni. Kulikuwa na uvumi, tena mzuri, kwamba kelele zile zilikuwa redio ya wapiganaji naye akaificha kwa akili. Mumewe alimminya mkono akubali. Alisimama akasema, "Ilikuwa pweza, camarada." Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika. Sebastião alimtania kwa hilo mpaka alipotangulia mwaka 2009: mke wangu, alisema, alikataa ushujaa kwa ajili ya kitoweo.

Mwaka 2014 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, kisha figo. Alijiandikia vipimo vyake, saa na hali ya hewa, na muuguzi akikosea tarehe alisahihishwa. Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 11 Juni 2016, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake Fernanda. Alikuwa amebakiza siku kumi na tatu kutimiza miaka sitini na sita.

Ameacha mdogo wake Beatriz, watoto wanne, Fernanda, Eusébio, Madalena na Cândido, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Tulipokuwa tunaandika orodha hii jana, alikuja mzee kutoka Quionga, akaomba asomewe. Alisikiliza hadi mwisho, akasema haijakamilika. Mzee huyo ni Issufo, wa mwisho kati ya wale tisa. Usiku huo alitutajia mwenyewe, nyumba kwa nyumba, watoto waliozaliwa na wale wanaume baada ya tarehe 5 Oktoba 1971, na watoto wa watoto hao. Tumehesabu watu mia mbili na kumi na wanne. Majina yao hayakuenea kwenye karatasi hii. Wengi wao wako hapa, tunaomba wasimame.

Dada yetu, shangazi yetu, mama yetu: lala salama, Mungu akupe amani yake.