Profesa Aliyekaa Kando ya Wanafunzi

Ndugu na jamaa, majirani, nanyi wenzake wa inivesite, chuo kikuu chetu, mliofika na maua, sisi wadogo zake tunawaomba mtege masikio, kwa maana huyu aliyelala hapa, alipokuwa hai, wengine wenu hamkumsikiliza.

Yaya wetu, kaka yetu mkubwa, Zéphirin Mwenze, alizaliwa Pweto tarehe 9 mwezi wa sita 1966, mtoto wa kwanza wa baba Edouard Mwila, mchuuzi wa samaki wakavu, na mama Simone Numbi, waliomfunza kwamba mtoto mwenye adabu, mkubwa akimuuliza neno, huinamisha macho na kujibu polepole. Alisoma kulekule, akamalizia sekondari hapa Lubumbashi, akaingia inivesite mwaka 1986, na kwenye mtihani wa mdomo aliinamisha macho vilevile mbele ya profesa wake, akapewa sifuri, eti hajui kitu, akarudia mwaka mzima.

Kidonda kile hakikupona. Alipoanza kufundisha sheria inivesite palepale, mwezi wa kumi 1999, aliondoa meza ya mtihani, akaweka benchi, akakaa bega kwa bega na mwanafunzi, wote wawili wakitazama ukuta, na waliolelewa kusimama na kusema wazi aliwaachia wasimame, na watoto waliokuwa wakionekana wajinga wakaanza kusema.

Tarehe 12 mwezi wa nane 2000 alifunga ndoa na mama Wivine Chanda, Mungu akawapa Ruphin, Benita na Syntiche, ambao hata walipokosa waliulizwa wakiwa wamekaa kando ya baba yao.

Mwezi wa tatu 2023 wenzake walimshitaki kwa ajili ya mtihani ule, hawa wakisema anawapendelea Wakasai, watu waliotoka Kasai, kwa kuwaachia wasimame, wale wakisema anawabeba watu wa kwao kwa kukaa nao kwenye benchi, jamani, mtu mmoja apendelee pande zote mbili namna gani? Walimuita mkabila, wakamhoji akiwa amesimama, wakamnyang'anya somo lake. Presha ikamkamata, kila Jumatatu akavaa koti akingoja kuitwa tena, simu ikanyamaza, figo zikachoka, akakata roho tarehe 17 mwezi wa pili 2025. Inatuuma, na hatufichi.

Aksanti kwa madaktari waliompigania, kwa majirani waliopika na kulala nasi kilioni, na kwa wanafunzi waliobeba benchi lake hadi hapa. Nanyi wenzake wa kazi, aksanti kwa maua, ila viti vya mbele mlivyoomba tumeviondoa, kaeni pale kwenye benchi, kando ya wanafunzi.

Pumzika kwa amani, yaya, na Bwana atakapokuuliza habari za maisha yako, asikusimamishe mbele yake, akae kando yako.