Familia ya Kwenye Kitabu cha Fundi Kufuli

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la vipuri, mguu mmoja umetiwa tofali. Kwenye kivuli anakaa Fundi Kufuli, anayechonga funguo na kuwafungulia milango watu waliojifungia nje. Anayefuata ni Karani, aliyestaafu ofisi lakini hajastaafu kusahihisha watu. Kisha Breki, dereva wa lori, ingawa lori lenyewe liko gereji tangu sijui lini. Mimi nakaa karibu na birika la kahawa, maana ndipo habari zinapopita. Wananiita Bibi Redio. Sikatai.

Siku hiyo Fundi alikuja na kijitabu chake cha Kiingereza, kile chenye habari fupifupi na maswali chini yake. Sababu tuliijua sote, kwa kuwa niliitangaza mimi. Mwanawe anaishi ng'ambo, na mjukuu amekulia huko, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Mara ya mwisho mtoto alipopiga simu aliuliza jambo, Fundi akabaki anahema tu. Mtoto akamwambia baba yake kwamba babu haongei, akaenda zake kucheza. Simu hazikuja tena, mpaka jana mwanawe alipotuma ujumbe kuwa leo alasiri watajaribu. Watajaribu. Kahawa ya Fundi ikapoa hajaigusa.

Alikuwa anarudia habari moja tu, ya familia ikinywa chai asubuhi. Karani akatutafsiria: baba anasoma gazeti, mama anakaanga mayai, bibi amekaa dirishani, paka amelala miguuni pake. Wote wana furaha. Basi ubishi ukaanzia hapo.

— Huyo baba hana kazi, akasema Breki. Mwenye kazi asubuhi hiyo gazeti analisomea wapi?

— Kazi anayo, nikasema. Na nyumba ya pili anayo. Mume akijificha nyuma ya gazeti, mwenzangu, kuna uso hautaki kuonekana.

— Imeandikwa wote wana furaha, Karani akatukumbusha.

— Imeandikwa na nani? nikamjibu. Si huyohuyo baba.

Breki akaenda mbali zaidi. Kwake yeye, bibi hakukaa dirishani kwa kupenda; nyumba ni yake, wanataka aweke sahihi, na paka amewekwa pale kumlinda asitoke. Karani, aliyeanza kwa kututuliza, naye akaingia mtegoni. Akapekua kurasa, akasema kwa sauti ya ofisini kwamba mayai yanakaangwa tangu mwanzo na hakuna mahali popote palipoandikwa kuwa mtu ameyala. Nilicheka mpaka nikajimwagia kahawa.

Fundi hakucheka. Kidole chake chenye madoa ya grisi kilikuwa bado kinapita chini ya mistari.

— Nyinyi mnawasema tu, akasema. Mimi nakaa nao. Nikishafunga kibanda, nikifika chumbani, nawasoma kwa sauti mpaka usingizi unichukue. Angalau mle ndani muwe na watu wanaoongea.

Mkewe tulimzika mwaka jana. Chumba chake nakijua, nimewahi kuchungulia: kitanda kimetandikwa upande mmoja, na upande wa pili zimepangwa kufuli zisizo na funguo.

Simu ikaita. Karani akaiweka sauti ya juu ili atusaidie.

Mtoto akasalimia, Fundi akaitikia vizuri. Mtoto akauliza kama huku kuna baridi, Fundi akasema jua linawaka. Karani akamwinulia dole gumba. Kisha swali jingine likaja, na Karani akatunong'oneza: anauliza babu anaishi na nani.

Fundi alikitazama kitabu, akatutazama sisi, halafu akafumba macho. Kiingereza kikamtoka bila kukwama hata mahali pamoja. Baba anasoma gazeti. Mama anakaanga mayai. Bibi amekaa dirishani. Paka amelala miguuni pake. Wote wana furaha.

Karani alifungua mdomo kumsahihisha, nikamkanyaga.

Mtoto alikuwa anacheka kwa furaha. Akataka kujua paka ana rangi gani. Mweusi, Fundi akajibu, na hilo kitabuni halimo, alilitunga mwenyewe. Sijaona uso wa mtu mzima ukilegea vile. Wakaongea habari za paka mpaka nikaanza kumwamini. Halafu mtoto akasema jambo fupi, na Karani akachelewa kututafsiria.

— Anasemaje? nikauliza.

— Anaomba aongee na bibi, akasema Karani polepole. Huyo wa dirishani.

Fundi akamtazama Karani. Akamtazama Breki, aliyekuwa anavitazama viatu vyake. Kisha akanigeukia mimi, akaninyooshea simu. Hakuniomba, aliinyoosha tu.

Nikaipokea, bado ina joto la kiganja chake. Nimesema ya kila nyumba katika mtaa huu, na siku hiyo sikuwa na hata neno moja la kumpa mtoto. Nikaisogeza mdomoni. Kule alikuwa anasubiri, nasikia anavyopumua. Akasema tena, kwa upole, maneno machache, na safari hii sikuhitaji Karani. Alikuwa anauliza kama nipo.